Mgonjwa wa Moyo: Apumzike au Atembee?



 Wahariri wa jarida letu waliniomba mwaka huu niandike juu ya swala ya mgonjwa, kwa kuwa ndiyo mada ninayoifundisha darasa la jioni. Nimeianza mara mbili, na mara zote mbili kalamu imenipeleka nyumbani kwetu Muleba, kwa mzee wangu. Basi nimeona niandike yaliyotupata, pamoja na yale niliyojifunza baadaye kwa wataalamu na kwa kusoma, kwa sababu najua wengi wenu mnaye babu, bibi au mama mwenye maradhi kama hayo, na huenda mnamfanyia kosa lile lile nililolifanya mimi.

Baba yangu alikuwa muadhini wa msikiti wa kijijini kwetu kwa zaidi ya miaka 20. Ni mtu wa kibanja, aliyezoea kushuka bondeni na kupanda kilima bila kuhesabu. Mwaka 2019 alianza kuchoka. Njia ya msikitini aliyokuwa akiipita huku akizungumza ikawa inamsimamisha mara tatu. Usiku alipanga mito mitatu ndipo apate usingizi, na akilala chali aliamka akitweta kama mtu aliyeponea kuzama. Miguu ikavimba, ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Sisi tulisema ni uzee, jirani mmoja akasema amerogwa. Tulipompeleka hospitali, daktari alitueleza kuwa moyo wake umetanuka na unashindwa kusukuma damu ipasavyo, na chanzo ni presha aliyoishi nayo miaka mingi bila kuijua. Alilazwa siku tisa. Akapewa dawa za presha na dawa za kupunguza maji mwilini, uvimbe ukashuka, tukarudi naye nyumbani tukimshukuru Allah (S.W.).

Kosa letu lilianza siku hiyo. Mimi ndiye mtoto mkubwa wa kiume, na kwa kuwa ni mwalimu, neno langu husikilizwa. Nikatoa amri: Mzee asifanye kitu. Maji ya udhu aletewe, chakula aletewe, kibanjani asiingie, msikitini asiende, na swala aswali akiwa amekaa kitandani. Wadogo zangu wakatii, wajukuu wakatii. Kila alipotaka kuinuka palikuwa na mtu wa kumwambia, "Pumzika, Tata, usije ukauchosha moyo." Tulidhani huo ndio wema kwa mzazi.

Baada ya miezi mitatu hakuweza kuinuka kwenye mkeka bila watu wawili. Mapaja yake yalikuwa yamekonda kama ya mtoto. Siku moja nilipokuwa nikimshika mkono akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mmenizika kabla ya siku yangu." Nilirudi naye hospitali nikiwa na hakika kwamba moyo umezidi kuharibika. Daktari alipompima akasema moyo uko vile vile, tena una nafuu kidogo kuliko mwanzo. Kilichokwisha ni miguu. Akatuandikia tukamwone mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Nilishangaa. Nilijua fiziotherapia ni ya waliovunjika mifupa au waliopooza upande mmoja. Moyo na mazoezi vinakutana wapi?

Moyo kushindwa ni nini?

Jina hili linatisha, na watu wengi wakilisikia hudhani moyo umesimama au u karibu kusimama. Sivyo. Moyo wa mtu mzima hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na mtu akiwa ametulia husukuma damu kiasi cha lita 5 kila dakika. Kila pigo, moyo mzima humimina zaidi ya nusu ya damu iliyomo kwenye chumba chake kikubwa cha kushoto. Kwa baadhi ya wagonjwa misuli ya moyo imelegea na kutanuka, ikawa inamimina asilimia 40 au chini yake. Kwa wengine misuli imekuwa minene na migumu, moyo haujai vizuri kabla ya kusukuma. Kwa namna zote mbili damu hailetwi ya kutosha viungoni, na inayorudi hufanya foleni: maji yanavuja kwenye mapafu na mtu anakosa pumzi, yanashuka miguuni na miguu inavimba.

Huku kwetu maradhi haya hayawangoji wazee. Madaktari katika Hospitali ya Taifa Muhimbili walifuatilia wagonjwa 427 wa namna hii na kutoa matokeo mwaka 2014. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, ilhali huko Ulaya wagonjwa wengi wa aina hii wamepita miaka 70. Sababu iliyoongoza ilikuwa presha, asilimia 45. Asilimia 12 walikuwa na vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, na hapa wanafunzi mnisikilize vizuri, kwa sababu homa hiyo huanza na kidonda cha koo kinachowapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, kisipotibiwa kwa dawa kama penisilini. Koo likikuuma pamoja na homa, usinyamaze kwa kuogopa sindano. Wapo pia akina mama ambao moyo wao hudhoofika kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito mpaka miezi mitano baada ya kujifungua. Mama wa namna hiyo akisema hapati pumzi akilala, asiambiwe kuwa ni uchovu wa kunyonyesha.

Kwa nini miguu?

Hili ndilo lililonifungua macho. Mtaalamu wetu, kijana mwenye subira, alimwuliza Mzee, "Babu, ukipanda kilima ni nini kinachokusimamisha, pumzi au miguu?" Mzee akafikiri, akasema, "Vyote, lakini miguu inatangulia." Kijana akatuambia kwamba ndivyo ilivyo kwa wagonjwa wengi wa moyo. Misuli ya miguu isipopata damu ya kutosha hukonda, na nyama inayobaki hupoteza uwezo wa kuitumia vizuri ile hewa safi inayoletwa na damu. Hapo mtu akitembea hatua chache misuli inalalamika mapema, mapafu yanaitwa yahangaike, na moyo unaombwa kazi kubwa zaidi kwa safari ile ile ndogo. Mtu anaogopa, anakaa. Akikaa misuli inazidi kukonda. Kesho hatua zinapungua tena.

Kulala kitandani kunaharibu haraka kuliko tunavyodhani. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa habari za wazee wenye afya njema waliojitolea kulala kitandani siku 10 mfululizo. Katika siku hizo 10 tu walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Hao walikuwa wazima. Sasa mfikirieni baba yangu, mgonjwa, miezi mitatu.

Mazoezi yanaigeuza safari hiyo. Hayaufanyi moyo uliotanuka urudi kama wa kijana, na atakayewaambia hivyo anawadanganya. Faida kubwa iko pembeni ya moyo: misuli ya miguu inanenepa na kujifunza tena kuitumia damu kidogo inayopata, mishipa ya damu inalainika na kufunguka, na misuli ya kupumulia inapata nguvu. Mzigo ule ule, njia ile ile, lakini moyo unaombwa kazi ndogo zaidi.

Nisije nikadhaniwa nalaumu watu wa kijijini peke yao, madaktari wenyewe walikaa muda mrefu kwenye fikra ya kulaza. Mpaka katikati ya karne iliyopita, aliyepatwa na shambulio la moyo aliamriwa kitanda kwa wiki kadhaa. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, waliandika kwamba wamewaketisha wagonjwa wao kwenye viti badala ya kuwalaza, na wamepata heri. Kukaa kwenye kiti tu! Na miaka 180 kabla yao, mwaka 1772, tabibu wa Uingereza William Heberden alikuwa ameandika habari ya mgonjwa wake wa maumivu ya kifua aliyejipangia kupasua kuni kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona. Habari ile ilikaa kitabuni na watu wakaendelea kulazwa.

Kwa moyo ulioshindwa hofu ilikuwa kubwa zaidi, mpaka majaribio makubwa yalipofanyika. Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa. Nusu yao walifanyishwa mazoezi ya kupimwa, wengine wakaendelea na tiba ya kawaida. Mazoezi yalionekana kuwa salama, na waliofanya waliona maisha yao yana nafuu. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya pamoja majaribio 44 yenye wagonjwa 5,783, wakaona waliofanya mazoezi wanarudi kulazwa hospitali kwa uchache zaidi. Kuhusu umri wenyewe, katika mwaka wa kwanza hawakuona tofauti ya wazi. Umri uko mikononi mwa aliyeutoa. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa moyo wa Ulaya kiliweka mazoezi katika mambo yanayoshauriwa kwa kila mgonjwa wa moyo kushindwa anayeyaweza.

Mazoezi yenyewe

Siku ya kwanza Mzee alipimwa kwa jambo jepesi mno, hata nikajiuliza kama ni utani. Katika korido tambarare yenye urefu wa mita 30 aliambiwa atembee kwenda na kurudi kwa dakika 6, kwa mwendo wake mwenyewe, akichoka asimame, akipata nafuu aendelee. Alikwenda mita 170. Kijana akaandika. Kipimo hiki hutumika dunia nzima, na hakihitaji mashine. Kinachotakiwa ni njia iliyonyooka, saa na mtu wa kuhesabu.

Kisha akapangiwa. Nitaeleza alivyopangiwa yeye ili mpate picha, lakini narudia mara mbili: kila mgonjwa ana kipimo chake, na hakuna anayeanza kabla ya daktari kumpima na kuona hali yake imetulia. Aliyebanwa na vali iliyozibana sana, mwenye homa, ambaye mapigo yake yanakwenda ovyo au bado anavimba, huyo si wa kuanzishiwa mazoezi na mwalimu wa madrasa wala na jarida.

Wiki ya kwanza Mzee alitembea dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni. Dakika mbili za mwanzo ni polepole ili mwili upate moto, na mwisho anapunguza mwendo tena kabla ya kukaa. Hasimami ghafla, kwa sababu damu huweza kubaki miguuni akapata kizunguzungu. Kila baada ya siku mbili tatu, akiona hakulemewa, anaongeza dakika moja au mbili. Shabaha ilikuwa kufika dakika 30 karibu kila siku. Ilimchukua zaidi ya miezi miwili.

Mahali pa kutembelea palitupa shida. Bukoba mjini, watu wa karibu na ziwa wana njia tambarare. Anayekaa huko atumie neema hiyo. Muleba yetu ni vilima na mabonde. Tulianza kwa kumpeleka njia ya kushuka, tukidhani tunamrahisishia, tukasahau kwamba aliyeshuka atarudi akipanda, tena akiwa ameshachoka. Kijana alicheka tulipomsimulia. Mwisho tukapima uwanja wa mbele ya nyumba kwa kamba, kutoka mlangoni mpaka mgomba wa mwisho mita 25, na huo ukawa ndio barabara yake. Tuliweka kigoda kila upande. Mvua ikinyesha, na kwetu hainyeshi kidogo, alitembea sebuleni akizunguka meza.

Atajuaje kama amezidisha? Wengine hupima mapigo ya moyo, lakini baadhi ya dawa za moyo hupunguza mapigo kwa makusudi, hivyo hesabu hiyo humdanganya mgonjwa. Kipimo kizuri ni mdomo wake. Akitembea aweze kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Mzee alijiwekea chake: anasoma Suratul Ikhlas kwa sauti ya kawaida. Akiimaliza bila kukata pumzi mahali pasipo na kituo, mwendo ni sawa. Ikimkatika katikati, anapunguza. Mwanasayansi wa Uswidi, Gunnar Borg, alitengeneza kipimo cha uchovu cha kuanzia 6 mpaka 20, na wagonjwa hawa huelekezwa kwa kawaida wabaki kati ya 11 na 13, yaani kutoka kazi nyepesi mpaka nzito kidogo. Mzee hakuipenda hesabu ile. Sura ilimtosha.

Baada ya kutembea kuna mazoezi ya nguvu, siku mbili au tatu kwa wiki. La kwanza ni kuinuka kitini na kukaa, bila kujivuta kwa mikono kama anaweza, mara tano, apumzike, tena mara tano. Kiti kiwe kigumu na kiegemezwe ukutani kisiteleze. La pili ni kusimama akishika fremu ya mlango, anainuka kwa vidole vya miguu na kushuka, ili vigimbi vipate kazi. Vigimbi vikikaza huisukuma damu irudi juu. La tatu ni mikono, akinyanyua chupa ya maji ya nusu lita kila upande. Katika yote hayo asibane pumzi. Anatoa pumzi wakati wa kuinua, anavuta wakati wa kushusha. Kubana pumzi na kukaza mwili, kama mtu anayeng'oa kisiki, hupandisha presha ghafla. Kwa hiyo ndoo ya maji ya lita 20 na mkungu wa ndizi si mazoezi yake.

Wakati nao una hukumu yake. Asitembee mara tu baada ya kula, asitembee jua la mchana. Kidonge cha kupunguza maji humkimbiza chooni, basi tulipanga atembee baada ya kidonge kumaliza kazi. Nakiri mambo haya madogo ndiyo yaliyokaribia kutushinda kuliko mazoezi yenyewe.

Swala na kiti

Hapa narudi kwenye mada niliyoombwa. Katika fardhi tano za siku kuna rakaa 17, na kila rakaa ina sijda mbili, jumla sijda 34. Kwa mtu mzima ni jepesi. Kwa mgonjwa wa moyo kuinama ni mtihani: wapo ambao wakiinama mbele pumzi huwabana ndani ya nusu dakika, na madaktari wa Marekani waliipa hali hiyo jina maalumu mwaka 2014. Anayebanwa hivyo amweleze daktari, kwa sababu mara nyingi ni dalili kwamba maji bado yamejaa mwilini. Kisha kuna kuinuka kutoka chini, ambako kunataka mapaja yenye nguvu.

Mnajua nyote hadithi ya Imran bin Huswain, iliyopokewa na Bukhari, ambaye Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Nimeifundisha hadithi hii miaka mingi. Nilipokuwa nikimkalisha baba kitandani niliitegemea hiyo hiyo. Lakini tazameni mpangilio wake: kila ngazi imefungwa na kutoweza. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, anayeweza kusimama katika swala ya fardhi husimama, na anayeweza kusimama sehemu tu husimama sehemu hiyo, kisha hukaa pale panapomshinda. Mimi nilimpa mzee wangu ruhusa iliyozidi udhuru wake. Alikuwa anaweza kusimama kwa Fatiha na sura fupi, nami nikamkalisha, na kila siku aliyokaa uwezo wake ukapungua mpaka udhuru nilioubuni ukawa wa kweli.

Tulipomweleza kijana wa fiziotherapia jambo la swala, hakulipuuza. Alisema kuinuka kitini na kuinuka kwenye sijda ni kazi ya misuli ile ile, na akaipanga iwe shabaha ya mgonjwa. Kwa muda Mzee aliswali kwa kiti: anasimama kwa kisomo, anarukuu kwa kuinamisha mgongo kiasi anachoweza, anakaa kitini kwa sijda na kuashiria chini zaidi kuliko rukuu. Kisha akaanza kujaribu sijda moja kwa siku, kwenye Dhuha, kiti kikiwa mbele yake ili ashike akiinuka. Niseme wazi kwamba swala ni ibada na hatuiswali kwa ajili ya misuli. Mgonjwa asiifanye ndiyo dozi yake ya mazoezi akaacha kutembea.

Kuhusu Ramadhani nitasema kidogo tu. Mwenye maradhi haya asiache vidonge ili afunge, na asiamue peke yake. Amwulize daktari kwanza, kisha aje kwa sheikh na jibu la daktari. Ambaye haitarajiwi aweze kufunga tena, dini imemwekea fidia.

Siku ya kutotembea

Zipo siku ambazo mazoezi ni hatari, na familia nzima izijue. Kama uzito umepanda zaidi ya kilo 2 katika siku tatu, hayo ni maji, hajanenepa. Kama miguu imeanza kuvimba upya, ameongeza mto wa kulalia, ameamka usiku akitafuta pumzi, ana homa, au kizunguzungu, siku hiyo hakuna kutembea na ni siku ya kwenda kituo cha afya. Na akiwa katikati ya mazoezi kifua kikambana, moyo ukaenda mbio bila mpangilio, akaona giza au akaanguka, hapo hakuna kungoja kesho.

Mizani ya bafuni tuliyoinunua ndiyo imetuokoa mara mbili. Anapimwa kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kula, na nguo zile zile. Mara ya pili uzito ulipanda kilo 3 baada ya wiki ya harusi yenye samaki wa chumvi kila mlo.

Huduma iko wapi?

Upasuaji wa moyo na vipimo vikubwa viko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka hapa. Karibu zaidi tuna Bugando, ng'ambo ya ziwa, Mwanza. Wataalamu wa fiziotherapia wengi wa nchi hii wametoka chuo cha KCMC, Moshi, na hawatoshi. Kwa mtu wa kijiji cha Muleba, kwenda mjini mara tatu kwa wiki kufanya mazoezi ni nauli ambayo ingenunua dawa za mwezi. Ndiyo maana nilifurahi kusoma kwamba huko Eldoret, Kenya, madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Moi walijaribu njia mbili kwa wagonjwa wa moyo kushindwa: wengine wafanyie mazoezi hospitalini, wengine watembee nyumbani kwao kwa maelekezo na kufuatiliwa. Kwetu sisi njia ya pili ndiyo inayowezekana. Mzee alikwenda kwa mtaalamu mara nne kwa jumla. Mengine yote yalifanyika kwenye ule uwanja wa mita 25.

Na yalifanywa na nani? Na wajukuu. Mimi nilikuwa Bukoba nikifundisha. Mjukuu wa darasa la tano ndiye aliyeshika saa, akaandika kwenye daftari la mistari tarehe, uzito, dakika, na alama ya tiki kama Sura haikukatika. Mdogo wake alihesabu mizunguko kwa kokoto, kila mzunguko anahamisha kokoto moja. Daftari lile tulilipeleka hospitali, na daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa kabla ya kubadilisha dozi. Nawaambieni wanafunzi, hakuna kitu katika hayo msichokiweza.

Kazi ngumu zaidi ya wale watoto ilikuwa kunyamaza. Babu anainuka taratibu kitini, anatetemeka, na wewe umefundishwa kukimbia kumshika. Walifundishwa kusimama karibu, mikono tayari, bila kumgusa mpaka aombe. Nilimwona mdogo ameuma midomo, machozi yanamlenga, babu yake anajaribu mara ya tatu.

Baada ya miezi mitatu alirudi kwenye ile korido ya mita 30. Dakika 6, mita 290. Dawa zake ni zile zile na atazinywa maisha yake yote. Moyo, kwa kipimo cha picha, bado umetanuka.

Adhana sasa inatolewa na kijana mwingine, kwa sababu kunyanyua sauti kwa muda mrefu kunamchosha, na hilo amelikubali kwa shida. Msikitini anakwenda Adhuhuri na Ijumaa. Katikati ya njia liko jiwe kubwa chini ya mparachichi ambapo hukaa kidogo. Watoto wa njiani wameshalizoea, wakimwona wanampa salamu na kumpisha akae. Kiti chake kipo mwisho wa safu ya kwanza, upande wa dirisha. Anakitumia Ijumaa, swala ikiwa ndefu. Adhuhuri anakiacha ukutani.